Giaboksi ya Mlima wa Mama Mkwe

Droo za makabati aliyotengeneza Msasa hazikuwa na kelele. Ukiivuta, inakuja laini kama ulimi. Ukiisukuma, inarudi huku ikikupulizia kaupepo usoni, maana hata hewa iliyokuwa ndani haikujua itokee wapi. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya kile kipande cha karatasi ya msasa alichokaa nacho kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapoweka miwani. Akikaa kwenye kiti cha mtu, mkono unateremka wenyewe kupapasa chini ya kiti. Akikuta mbao inakwaruza, anatoa msasa wake anasugua taratibu, na mazungumzo yanaendelea. Hata msibani amewahi kufanya hivyo, mkewe akamtia kiwiko cha mbavu.

Kitu alichokichukia duniani ni pengo. Mbao mbili zikutane, halafu katikati yake upite mwanga? Kwake hiyo ilikuwa sawa na kutoka nje bila suruali. "Pengo la kinywa ni la uzee," alikuwa akisema, "pengo la mbao ni la uvivu."

Na ndiye mtu huyu aliyefikisha miaka hamsini na minane, akaamua kulala chali uani kwake, chini ya pikapu yake kuukuu, aiwekee giaboksi ya pili.

Tuanze na sababu, maana mtu mzima hafungui tumbo la gari kwa kutaka tu kuona utumbo.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye dirisha linalotazama uani, na uani ndiko karakana ya mumewe ilikokuwa, kwa hiyo kwa miaka thelathini wale wawili walifanya kazi wakitazamana, mmoja akitoa vumbi la mbao, mwingine akitoa nyuzi. Mama yake mshonaji aliishi juu mlimani, nyumba ya mwisho kabisa, mahali ambapo barabara yenyewe huchoka ikageuka kijia. Njia ya kwenda huko ni ya udongo na mawe, mvua imeichimba mifereji, na kati yake kuna kona moja kali ambayo watu huiita Kona ya Toba, kwa kuwa hata mlevi akifika hapo humkumbuka Mungu.

Miaka mitatu nyuma, Msasa alipanda kona hiyo na pikapu yake. Nyuma alikuwa amebeba milango minne ya mteja, mbele amekaa na mkewe. Katikati ya kona injini ikakohoa, ikazimika. Alikanyaga breki, breki ikamwambia leo nimechoka. Pikapu ikarudi nyuma hatua ishirini, kinyumenyume, mpaka ikajipiga kwenye ukingo wa udongo. Milango ikapasuka kama biskuti. Mkewe akapata nundu kwenye paji la uso. Hakupiga kelele, hakumlaumu mtu. Alishuka, akachukua kikapu chake, akafuta vumbi kwenye gauni, akasema neno moja tu: "Nitatembea."

Na akatembea. Tangu siku ile hakuingia tena kwenye pikapu ile. Si safari ya sokoni, si ya harusini, hata ya kwenda hapo kwenye mashine ya kusaga. Ukimbembeleza anacheka: "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo anaruka. Mniache na miguu yangu." Kila Jumapili ya pili alipanda mlima kumwona mama yake, na Msasa alibaki nyumbani akisugua vitu ambavyo havikuhitaji kusuguliwa.

Sasa miguu nayo mtu hakupewa ya milele. Mwaka huu goti lake la kulia lilianza kuvimba, likawa kama goti la kuazima kwa mtu mnene. Safari ya saa mbili ikawa ya nne. Na Jumapili moja akarudi nyumbani kabla ya mchana, kikapu bado kimejaa. Alikuwa amefika nusu ya njia, akakaa juu ya jiwe, goti likakataa. Msasa alimtazama akipanga vitu mezani: sabuni, sukari, kopo la dawa ya kuchua, na gauni la buluu alilomshonea mama yake. Lile gauni akalitundika kwenye msumari kando ya cherehani. Wiki ya kwanza likakaa pale. Wiki ya pili likakaa pale. Wiki ya tatu Msasa akawa hawezi tena kulitazama.

Basi jambo lilikuwa hili moja, halina kona. Mama mkwe ana miaka themanini, hawezi kushuka mlima. Binti yake hawezi tena kuupanda kwa miguu. Ama pikapu ipande, na mwenye goti akubali kuipanda, ama wale wawili waishie kutumiana salamu.

Msasa akamwita shemeji yake.

Huyu shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, fundi wa malori makubwa, mtu wa kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Alizunguka pikapu mara mbili, akapiga teke tairi, akajilaza chini akachungulia, akatoka na jani kavu kwenye nywele.

"Shemeji, injini yako nzima kabisa. Breki tutaweka mpya, hilo dogo. Ugonjwa ni kwamba gari hili halina meno ya nyuma. Unalitupia mfupa, na lenyewe lina meno ya mbele tu."

"Meno gani tena?"

"Gia nzito. Kuna kagiaboksi kadogo, kanakaa katikati, kati ya giaboksi yako na hii transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiivuta ile gia yake, injini inakimbia lakini tairi zinatembea. Nguvu inakuwa mara tatu, mwendo unakuwa wa maharusi. Utapanda ukuta, shemeji! Ila konokono atakupita, na kwa vile ana adabu atakusalimia."

"Na inarudi nyuma?"

Shemeji akaacha kucheka. Alijua swali hilo ni la nani. "Ukiwa kwenye gia hiyo, hata ukizima injini, gari linabaki limeng'ata. Haliendi popote. Na kushuka ni gia hiyo hiyo, huibadilishi mpaka chini."

Kagiaboksi kenyewe shemeji alikuwa nako, kametolewa kwenye gari lililokwisha kufa. Mke wa shemeji naye alikuwa akidai kabati la milango mitatu tangu siku ya ndoa. Wakapeana mikono: leta kabati, chukua chuma. Na shemeji akataka kazi ifanyike kwenye gereji yake, penye shimo na mnyororo wa kunyanyulia. Msasa akakataa.

"Nitaifanyia hapa uani. Wewe utanielekeza."

"Hapa? Kwenye randa na misumari?"

"Aliyemwangusha ni mimi. Acha nimpandishe mimi."

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Hapa uani pana dirisha, na nyuma ya dirisha pana mtu. Alitaka kila nati iingie mbele ya macho yake.

Kazi ikaanza. Fundi seremala akiingia kwenye chuma haachi useremala mlangoni. Kwa vile hakuwa na mnyororo wa kunyanyulia, alitengeneza kitanda kifupi cha mbao nzito chenye miguu minne na kabari chini ya kila mguu. Ukigonga kabari, kitanda kinapanda kidogo, ukigonga tena kinapanda tena. Transfa ilishushwa juu ya kitanda hicho kama mgonjwa. Shemeji akakipapasa. "Mimi nyumbani silali pazuri hivi," akasema.

Bolti nazo hazikutupwa kwenye kopo. Msasa alichukua ubao mpana, akachora kwa penseli umbo zima la giaboksi, akatoboa tundu kila mahali bolti ilipotoka, akaichomeka humo. Ukiutazama ubao unaona giaboksi yenyewe, imelala, imeota vichwa vya bolti. Shemeji, mwenye miaka ishirini na mitano kwenye malori, alisimama akautazama ubao ule bila utani wowote, halafu akaomba atengenezewe wa kwake.

Kwa kuwa sasa mtambo ulikuwa mrefu zaidi, zile propela, mabomba yanayopeleka nguvu kwenye tairi, ilibidi ya nyuma ifupishwe na ya mbele irefushwe. Shemeji akaenda nazo kwake kukata na kuchomea. Msasa akatoboa sakafu ya pikapu, akapitisha fimbo ya gia mpya, na kichwa chake akakichonga kwa kipande cha ule mlango mmoja kati ya minne iliyopasuka. Alikuwa amekihifadhi miaka mitatu, bila kujua anakihifadhia nini. Alikisugua siku mbili, kikawa kama yai.

Muda wote huo cherehani iliendelea dirishani. Mkewe hakuuliza kitu. Akileta chai, anaiweka juu ya ubao wa bolti, pale pasipo na bolti, anaondoka.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa ambalo fundi wa magari asingelifanya hata akiwa amelala.

Walikuwa wamefungua kagiaboksi ili wabadilishe beringi na sili za kuzuia oili isivuje. Wakati wa kufunga, shemeji akaonyesha pete nne za chuma, nyembamba kama karatasi ngumu, zinazokaa chini ya kifuniko cha nyuma. "Hizi zinarudi zote nne. Usiongeze, usipunguze. Nimeshapima." Akapigiwa simu: lori limekwama barabarani na mzigo wa saruji. Akaondoka mbio, akamwachia Msasa afunge.

Msasa akaweka pete nne. Akaweka kifuniko. Akakaza. Akainama kutazama, na moyo ukamshuka. Pete zilikuwa ndogo kuliko kifuniko, basi ukingoni, kuzunguka pote, palikuwa na mstari mweusi. Unene wa kucha. Pengo!

Akajaribu kulipuuza. Akaenda kunywa maji. Akarudi, pengo lipo, linamtazama. Akajiambia shemeji ni fundi wa malori, malori yana mambo ya jumla jumla. Akafungua, akatoa pete mbili, akafunga tena na kukaza kwa spana ndefu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kifuniko kikakaa ndi, hata unywele hupitishi. Akapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo, akatabasamu. Zile pete mbili akaziacha juu ya meza ya karakana. Za akiba.

Siku chache baadaye propela zikarudi, mtambo ukapandishwa kwa kabari mpaka mahali pake, bolti zikatoka kwenye ubao zikarudi kwenye chuma, oili ikamiminwa. Jumamosi asubuhi, shemeji akiwa bado njiani, Msasa hakuweza kungoja. Akawasha. Akashika kile kichwa cha mbao, akavuta gia. Akaachia klachi.

Pikapu ikatembea. Ikatembea kama mzee anayetoka kuoga. Uani kwao kulikuwa na hatua thelathini tu, nayo ikazitumia zote kwa heshima. Msasa akageuza, akarudi. Akageuza tena. Ilikuwa inanguruma kwa chini, ng'oooo, sauti nzito, naye akafurahi akidhani nguvu ndiyo inavyosikika.

Dirishani cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto." Mkewe alikuwa amesimama. "Zima."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu aseme neno kuhusu gari lile bila kubembelezwa. Msasa akazima haraka hata akasahau klachi, pikapu ikaruka kidogo. Mkewe akatoka, futi ya kushonea shingoni, akichechemea. Akainama pembeni ya gari kadiri goti lilivyomruhusu, akanyoosha kiganja karibu na ile giaboksi mpya, akakirudisha.

"Inaunguza."

"Ni nguvu, mama watoto. Kitu chenye nguvu kina joto."

"Cherehani ikinililia hivi mimi siendelei kukanyaga. Umekaza nini humu?"

"Sijakaza chochote zaidi ya..."

"Umekaza. Nakujua. Mlango wa choo uliutengeneza usipite hata mwanga, mvua ikanyesha, mbao ikavimba, mdogo wangu akakaa humo ndani saa nzima akiimba ili tujue bado yu hai."

Msasa akakuna kichwa. Lilikuwa jambo la kweli, na mashahidi wapo.

"Sikiliza," akasema mkewe, sasa kwa upole. "Mimi nikishona gauni, chini ya kwapa naacha vidole viwili. Si kwamba sijui kupima. Aliye ndani anapumua, ananyanyua mkono, anakula akashiba. Chuma hiki nacho si kinazunguka? Umekiachia nini?"

Msasa akatazama viatu vyake. "Kulikuwa na pete," akasema. "Nne. Nilitoa mbili. Palikuwa na... palionekana pengo."

Mkewe hakucheka, ingawa kona za mdomo zilimsumbua. "Nenda kazilete."

Akaenda. Meza ya karakana ilikuwa safi. Akatazama chini ya meza, kwenye kopo la misumari, nyuma ya randa. Akapiga magoti kwenye vumbi la mbao akalichekecha kwa vidole, mtu mzima na mvi zake, akijisemea kwamba shemeji amezipima zile pete, kwamba haziuzwi popote peke yake, kwamba gauni la buluu litakaa kwenye msumari mpaka nondo walile. Aliponyanyua kichwa, mkewe alikuwa mlangoni ameshika kopo lake la vifungo.

"Nilifagia humu Jumanne," akasema. Akachokoa kati ya vifungo vya mashati na vya makoti, akatoa pete moja, kisha ya pili. Zote mbili alikuwa amezifuta mafuta. "Nikasema chuma kilichosuguliwa hivi hakikosi mwenyewe."

Msasa akazipokea kwa mikono miwili.

Shemeji alipofika na kuelezwa, alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia. Msasa alimweleza mwenyewe, bila kuficha hata moja, na hilo ndilo lililomwokoa. "Mficha uchi hazai, shemeji," akasema yule fundi akijifuta machozi. "Ungenyamaza ukapanda nayo mlimani, beringi zingejifia Kona ya Toba na wewe ukatubu kwa sauti. Dada, asante kwa masikio." Wakashusha mtambo tena, kabari moja baada ya nyingine, wakafungua. Beringi zilikuwa zimeanza kubadilika rangi kidogo, basi. Wakarudisha pete zote nne. Shemeji akamwambia azungushe shafti kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akamwambia aisukume na kuivuta.

"Inacheza," Msasa akasema, uso umekunjamana. "Kidogo sana, lakini inacheza. Tk. Umesikia?"

"Inapumua, shemeji. Zoea."

Jumapili ikafika. Asubuhi Msasa akaosha pikapu, akafuta kiti cha abiria mara tatu. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno: breki mpya, gia nzito, tutakwenda taratibu, niamini. Mkewe akatoka na kikapu, gauni la buluu limekunjwa juu. Msasa akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Maneno yote yale aliyaona yamekaza mno, akayaacha.

"Nitatembea," mkewe akasema.

"Haya," Msasa akasema. "Mimi nitakuwa nyuma."

Mlima ulipoanza alivuta kile kichwa cha mbao, na pikapu ikaanza kupanda kwa mwendo wake wa mzee anayetoka kuoga. Mkewe alikuwa mbele akichechemea. Baada ya muda akageuka, akaona gari halimfikii. Akangoja. Lilipomfikia, akatembea sambamba na dirisha.

"Ndiyo mwendo wake huu?"

"Ndiyo mwisho wake."

Akafikiri hatua kadhaa. "Kikapu hakina kosa," akasema, akakipitisha dirishani na kukiweka kwenye kiti.

Wakaenda hivyo, yeye kashika ukingo wa dirisha, gari likimsaidia kidogo kumvuta, wakaongea habari za watoto wao walio mbali, na bei ya uzi, na jirani aliyenunua jogoo asiyewika. Nyuma akaja mtu anasukuma toroli la matofali. Akawapita. Alipowapita akageuka.

"Mama, mmegombana?"

"La," akajibu mshonaji. "Tunasindikizana."

"Mungu awape maelewano," akasema yule mtu, akaendelea zake na matofali.

Wakafika Kona ya Toba. Ule ukingo wa udongo bado ulikuwa na shimo pale pikapu ilipojichimbia, na kwenye shimo lilikuwa limeota jani. Mkewe aliondoa mkono dirishani.

"Simama hapa."

Msasa akasimama katikati ya kona, mguu kwenye breki.

"Zima injini. Acha kwenye gia."

Akazima. Kimya kikaingia, wakasikia toroli likilia kule mbele. Mkewe akaingiza mkono kwenye kikapu, chini ya sukari, akatoa kabari ya mbao, moja ya zile za kitanda cha transfa. Alikuwa ameichukua karakana bila kusema. Akasimama nayo nyuma ya tairi.

"Sasa toa mguu kwenye breki."

Mguu wa Msasa haukutaka. Ulikuwa na kumbukumbu zake. Akautazama kama mguu wa mtu mwingine, akauambia unyanyuke, ukanyanyuka taratibu.

Tk.

Gari lilirudi nyuma, kadiri ya unene wa kucha. Halafu likang'ata. Likakaa. Alihesabu mpaka kumi, akahesabu tena. Jiwe lililokuwa chini ya tairi halikugeuka hata kidogo.

"Nini kile kimelia?" mkewe akauliza kutoka nyuma.

"Ni ile nafasi," Msasa akasema. "Ile uliyonitolea kwenye kopo la vifungo."

Mkewe akazunguka polepole mpaka upande wa abiria. Akaitazama kabari, akaifuta kwenye gauni, akairudisha kikapuni. "Hii nitampelekea mama, azuilie mlango wake upepo." Kisha akafungua mlango, akasogeza kikapu, akapanda. Akaketi, akanyoosha goti lake mbele, akavuta pumzi.

"Ni goti tu. Usianze kufikiri mambo."

"Sijafikiri kitu."

"Twende basi, matofali yanatuacha."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, bakora magotini. Hakushangaa hata kidogo. "Nimewasikia tangu nilipokuwa napiga mswaki," akasema. "Nikasema hii ni treni imepotea njia." Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu, akamshika goti, akaguna. Gauni la buluu akalijaribu pale pale juu ya nguo zake; mikono ikapita vizuri, kwapa halikubana. Msasa alipewa kiti, na mkono wake ukateremka chini ya kiti, ukaanza kupapasa.

"Na kushuka je?" mama mkwe akauliza ghafla, akiitazama pikapu. "Inajua kushuka?"

"Inajua, mama. Polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Mama, mwenye toroli anatupita," binti yake akasema.

Kikongwe akafikiri. Miaka minne hakuwa ameshuka mlima ule. Hajaiona cherehani mpya ya binti yake, hajauona tena ua wanakofanyia kazi, na yeye na shoga yake wa kule bondeni, kila mmoja amekuwa akingoja habari kwamba mwenzake ametangulia kufa. Akashika bakora, akasimama.

"Basi nifungieni mlango. Gauni ninalo mwilini."

Kiti cha pikapu kilikuwa kimoja kirefu, na wote watatu wakajipanga humo, mama mkwe katikati. Na mama mkwe ni mama mkwe: ile fimbo ya gia ilikuwa imesimama sawasawa mbele ya magoti yake, na Msasa, mtu wa adabu zake, akawaza ni mara ngapi itambidi aseme samahani mama, naomba kupita, mpaka bondeni. Akavuta gia mara moja. Kisha akakumbuka alichoambiwa siku ya kwanza, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Gia ile haibadilishwi. Ukishaiweka juu, ni hiyo hiyo mpaka chini.

"Unacheka nini, mkwe wangu?" kikongwe akauliza, huku kiganja chake kikipapasa kile kichwa cha mbao, laini kama yai.

"Furaha, mama," akasema Msasa, akaachia klachi. Pikapu ikafanya tk, ikaanza kushuka.